Mhandisi anayetaka na biashara: nisome digrii mbili kwa pamoja au moja moja?

Binti wa Ujiji
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Mimi ni mhandisi mitambo, nipo Kigoma kwenye kiwanda cha kukamua mawese. Makapi yanayotoka kwenye presi yetu bado yana mafuta. Ukiyaminya mkononi, vidole vinabaki vyekundu. Nikapendekeza tubadilishe skrubu ya presi na tuipike chikichi kwa mvuke wa kutosha. Bosi akauliza: hela inarudi lini, na msimu ukiwa mbaya mashine italipiwa na nini?

Tangu siku hiyo nataka nisome vyote viwili. Chuo cha MIT, Marekani, wana programu ya Leaders for Global Operations: miaka miwili, unatoka na MBA (uzamili wa biashara) na uzamili wa uhandisi, miezi sita unakuwa kwenye kampuni. Harvard nao wana ya kwao. Nilenge huko, au nisome uhandisi hapa nyumbani, MBA ije baadaye? Kwa sasa nipo SEAP, ule mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kazini kwa wahandisi wapya.

Mzee wa Reli, Tabora
Marahaba binti yangu. Nimestaafu uhandisi wa reli. Kwanza maliza SEAP, usajiliwe ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo mitatu si foleni, ndiyo uzoefu ambao vyuo hivyo vinautafuta kwa mwombaji.

Hiyo ya MIT ilianza 1988 ikiitwa Leaders for Manufacturing, wakati viwanda vya Marekani vikibanwa na Wajapani kwa ubora na bei. Walitaka mtu mmoja anayeijua mashine na fedha inayoiendesha. Ndiyo maana ile miezi sita haipo pembeni: tatizo la kampuni ndilo linalozaa tasnifu, na msimamizi mmoja anatoka uhandisi, mwingine menejimenti.

Sasa jiulize, una tatizo moja au mawili? Lako mimi naliona moja. Skrubu ya presi na muda wa mtaji kurudi ni jambo lile lile, kwa hiyo kusoma pamoja kutakufaa. Anayetaka kuuacha uhandisi akafanye kazi benki, MBA pekee inamtosha. Anayetaka kubuni mitambo maisha yake yote, azame kwenye uhandisi.

Nimeona vijana hodari wa michoro wakinyamaza kikaoni mara tu mkopo unapotajwa, na uamuzi wa daraja walilolichora unafanywa na wengine. Iliniuma sana.

Kaka wa Kasulu
Dada, kama kwenda nje ni mzigo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) wana uzamili wa menejimenti ya uhandisi, na Chuo Kikuu Huria wana MBA unayoweza kusoma ukiwa kazini. Ila bosi hahitaji cheti ili ajibiwe. Kila zamu chukua sampuli ya makapi, ikaushe, pima mafuta yaliyobaki. Kadiria sehemu ambayo skrubu mpya ingeyatoa, izidishe kwa tani za makapi makavu ya msimu mzima, kisha kwa bei ya mawese mnayouzia nyinyi, si ya sokoni Kigoma mjini. Toa skrubu, mafundi, kuni za boila na siku ambazo presi itasimama. Fanya hesabu ya msimu mzuri na ya msimu mbaya.

Halafu angalia mzigo wenyewe. Wakulima wengi bado wana Dura, aina ya mchikichi yenye kokwa nene na nyama kidogo. Miche ya Tenera, aina yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga ikizaa kwa wingi, presi yako itapokea chikichi ya aina nyingine, na hesabu zote zitabadilika.

Binti wa Ujiji
Kaka, hilo la Tenera sikuliweka kabisa. Naanza sampuli wiki hii. Mzee wangu, barua ya kunidhamini nimwombe bosi au msimamizi wangu wa SEAP?

Mzee wa Reli, Tabora
Waombe wote. Msimamizi aeleze kazi ya mikono yako. Bosi mpelekee kwanza hizo hesabu, azisome, ndipo umwombe barua.