Naomba ushauri: hesabu zinakubali, moyo unakataa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Dada yangu aliye Nakuru ananiita tufungue duka la nafaka pamoja. Hesabu tumepiga, faida ipo, mume wangu ameridhia. Lakini kila nikiliombea jambo hili, nakosa amani.

Nimefunga, nimeongea na mchungaji. Alinielekeza Mithali 3:5-6, nisizitegemee akili zangu mwenyewe. Sawa, ila Mithali 15:22 inasifu wingi wa washauri, na washauri wangu wote wanasema niende! Mwenzangu wa kikundi cha maombi anataka niombe ishara, kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyeweka ngozi ya kondoo nje usiku na kumwomba Mungu ailoweshe kwa umande. Hapo nasita, maana ukisoma Waamuzi 6, Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla ya kuomba umande. Mimi sijaambiwa kitu.

Ninyi mnatofautishaje katazo la Mungu na woga wa kawaida wa kuhama? Na je, kukosa amani pekee kunatosha kukataa? Dada anataka jibu kabla shule hazijafunguliwa.