Usiku wa kuonyeshana darini: wewe ungeleta nini?

Binti wa Langoni (Lamu)

Salamu aleikum jamaa. Nina swali, na nyuma ya swali kuna mpango.

Nataka kukusanya watu darini kwetu Langoni, juu kabisa ya nyumba, usiku mmoja, baada ya isha. Nitatundika shuka jeupe, projekta nimeahidiwa kuazimwa, na spika ni zile za kaka yangu ambazo majirani wanazijua vizuri. Kila mtu aje na kitu kimoja anachokipenda: wimbo, video, ngoma au filamu fupi. Kimoja tu. Kisizidi dakika ishirini na tano, na mwenye kukileta asimame aseme kwa nini. Hakuna majaji wala zawadi. Kahawa na kaimati juu yangu, umeme juu ya Mungu.

Kilichonisukuma ni haya makundi ya WhatsApp. Mtu anaamka, anamwaga viungo kumi, video juu ya video, hasemi neno, huyo kaondoka. Hujui alicheka au alilia. Hujui hata kama alitazama mwenyewe. Mimi nataka kumwona mtu uso wake wakati kitu chake kinachezwa mbele ya watu wasiokijua.

Changu nishakichagua. Ni Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa hapa hapa Amu aliyekwenda kuishi Mombasa na udi wake wa nyuzi, akafariki 2016. Ziko rekodi zake safi za studio, hata sahani iliyotolewa London mwaka 1990. Sizitaki. Nataka kaseti ya harusi aliyotuachia marehemu babu. Ndani yake mna mtu anakohoa, mna vikombe, mna mwenye kupita akitunza na watu wanamtania. Halafu Zein anaacha kuimba, anacharaza udi peke yake, na ukumbi wote unanyamaza mpaka mzee mmoja anashindwa kujizuia: "Allah!" Wallahi mimi humsubiri yule mzee kuliko ubeti unaofuata.

Sasa taabu yangu: kaseti haina picha. Shuka nilifanyeje wakati wimbo unakwenda? Nyinyi mngeleta nini? Na tena, kuna mkanda wa zamani wa video wa harusi ya khalati yangu, vugo kisha chakacha, ngoma za wanawake, nimeuhamishia kwenye flashi. Wanacheza ajabu. Nao niuonyeshe?

Dereva wa Maweni (Malindi)

Wa aleikum salamu. Mimi ni wa tuktuk, na abiria wangu ni mashahidi kwamba humo hakuchezwi kitu ila Juma Bhalo. Mtalii akipanda, Bhalo. Mama akienda sokoni, Bhalo. Kijana akiomba nibadilishe, namwambia teremka nikurudishie pesa yako.

Bhalo ni wetu. Kazaliwa Malindi 1942. Mombasa ilimchukua, na huko ndiko alikofia 2014, lakini kuzaliwa hakuhamishwi. Mashairi mengi akiandikiwa na Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, jamaa yake wa damu, na sauti za nyimbo akizichukua kwenye filamu za Kihindi. Asiyejua atasema huko ni kuiga. Haya, mwambie aige yeye. Chukua sauti ambayo Mhindi kaitungia wapenzi wanaokimbizana bustanini, uitie mtu aliyesalitiwa na rafiki wa kula naye sahani moja, vina visikosekane, mizani isipungue, na msikilizaji asahau kabisa kwamba palikuwa na bustani.

Kwenye kibanda cha video tulichokuwa tukilipa kuingia, filamu ya Kihindi ikifika kwenye wimbo, kibanda kizima kinaimba maneno ya Bhalo. Nina rafiki mpaka leo anaapa kwamba Wahindi ndio walioiba.

Kwa hiyo changu ni hiki, na kitakutatulia na hilo la shuka: chukua kipande cha filamu yenyewe ya Kihindi, zima sauti kabisa, halafu juu yake cheza Bhalo. Midomo haitalingana. Mpigo utalingana, na watu watacheka mpaka wafike ubeti wa pili, hapo wataanza kusikiliza.

Hilo la chakacha simo. Lina wenyewe.

Kadzo wa Ganda (Malindi)

Hamjambo. Kila ukitajwa muziki wa pwani, watu wanaanzia kwenye udi na wanaishia kwenye udi. Mimi ni Mgiriama, nitaleta mwanzele.

Si ule wa kinanda unaopigwa kwenye disko matanga usiku kucha mpaka chifu aje. Ule umeiharibia ngoma jina, na wazazi wa Kilifi wanajua kilichowapata mabinti zao humo. Nasema mwanzele wa kayamba. Watu wamejipanga, kayamba zinatikiswa, wanawake wamefunga hando, mabega yanacheza na kichwa kimetulia. Mlitazame hando: kitambaa kimekunjwa juu ya kitambaa, tabaka kwa tabaka, mpaka nyonga inakuwa pana. Mchezaji anapiga hatua ndogo tu, hando ndilo linalomaliza kazi. Ukimwona mtu anaruka ruka ujue hana hando, au hajafundishwa.

Nakuonya mapema, ni ngoma ya msiba. Watu wa kisiwani mtaona nyuso zinacheka mtadhani ni arusi. Kwetu mzee aliyeshiba miaka hasindikizwi kwa ukimya. Na ngoma za mazishi si za kudharau: kifudu, ambayo nayo ni ya msiba, ndiyo Mekatilili wa Menza alizunguka nayo kijiji hadi kijiji mwaka 1913 akiwakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza. Watu walikuja kutazama ngoma, wakaishia kula kiapo. Serikali haikujua ianzie wapi kukataza mazishi.

Video yangu nilipiga kwa simu kwenye matanga ya babu. Kabla ya kuleta nimewaomba ruhusa shangazi zangu, mmoja mmoja. Wa mwisho alikubali kwa sharti nikikate pale alipoteleza. Nimekikata.

Abuu wa Jeti (Lamu)

Mbona hakuna hata kimoja cha karne hii 😂

Mimi nina kirumbizi nilichopiga Mkunguni mbele ya Ngome, siku za Maulidi. Vijana wawili na fimbo. Nimekitia mwendo wa polepole pale fimbo zinapogongana, na biti chini. Hata dakika haifiki. Goma pia ninalo ila ni refu, nimelitia kasi ili liingie kwenye simu.

Bi Mkubwa wa Mkomani (Lamu)

Abuu, goma likitiwa kasi si goma. Wanaume wamesimama safu moja, kanzu zao, bakora zao, na uzuri wote uko pale wanapochelewa. Lirudishie mwendo wake au liache nyumbani. Kirumbizi hakina neno. Hiyo biti iondoe, zumari imo mle mle.

Sasa wewe mwanangu wa Langoni. Swali lako la mwisho umelipitisha mbio kama mtu apitaye daka la wakwe, kwa hiyo nimelirudia. Vugo halina shaka. Vugo sute tukitoka nalo njiani, pembe mkononi na kijiti, na wanaume walisikia nyimbo zile, tena nyengine zilikuwa za kuwasema wao. Kilichotoka njiani kishatoka. Chakacha ya ndani ni jambo jengine. Wale wanawake walivua mabuibui kwa sababu mlango ulifungwa na waliambiwa hakuna mwanamume. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamke pia, ndiyo maana wakamwacha apige. Walimchezea bi harusi na wenziwe. Hawakulichezea shuka lako. Na wengine, Mungu awarehemu, hawapo tena wa kuulizwa.

Utanambia darini utawaweka wanawake watupu. Haya, dari yenu yaonekana na madari mangapi? Na anayetazama atakuwa na simu, na simu ina jicho. Yeo ukienda arusini simu zakusanywa mlangoni, zatiwa kapuni. Watu waona ni ushamba. Si ushamba, ni kwamba tushaona kilichowapata wengine: mtu acheza arusi ya nduguye usiku, asubuhi kiuno chake kiko Dubai.

Lakini usiutupe mkanda, na usiufungie. Siku nyengine, mchana, uonyeshe chini kiwandani, uani mwa nyumba, wanawake pekee, simu kapuni, na uwaalike mabinti wa wale waliomo. Yuko atakayemwona mamake anacheza akiwa mdogo kuliko yeye alivyo sasa. Hilo mimi ningelipanda ngazi na magoti yangu haya kuja kuliona, wala si la kupanda, ni chini.

Umenipendeza kwa Zein, nikupe na hili uwaambie vijana: udi haukuanza kwake mji huu. Muhammad Kijuma aliyekufa 1945, mchongaji wa mbao, mwandishi wa hati, mtunzi, alikuwa akiunda vibangala, ndugu wa udi, kwa mkono wake na akivipiga. Wengine walimnunia kwa hilo, yeye akaendelea.

Changu nitaleta sauti ya Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ile saa nai, ile filimbi, inapoingia kabla ya matari. Niliirekodi mwenyewe nikiwa upande wa wanawake, kwa hiyo mtamsikia na mtoto wa mtu akililia maji.

Msafiri wa Mokowe

Mimi biashara yangu ni huku na huku, Malindi na Mokowe, kwa basi. Nitaleta filamu fupi.

Inaitwa Watu Wote, ya 2017, dakika ishirini na kitu. Kaitengeneza Katja Benrath, Mjerumani, alipokuwa bado mwanafunzi wa filamu Hamburg, na wanaosema ndani yake wanasema Kiswahili na Kisomali. Ilifika mpaka kuteuliwa kwa Oscar 2018. Kisa ni cha kweli. Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi la kwenda Mandera wakataka Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016.

Hiyo Oscar hainihusu. Nataka niitazame na watu waliokwisha kukaa ndani ya basi wakingoja msafara wa polisi uanze, wanajua lile joto, wanajua jinsi mazungumzo yanavyokatika gari likiingia msituni. Nairobi niliitazama na watu, mwisho wakapiga makofi. Kwetu sidhani. Na mimi kinachonikaa si risasi, ni kule mwanzo, kabla ya lolote: mwanamke Mkristo kaingia kwenye basi na hawaamini waliokaa naye, na wao wanaona. Hakuna anayesema kitu. Kiti kile nakijua, nimekikalia, na nimekaa na aliyekikalia.

Watoto washuke kwanza. Na isiwe ya mwisho, watu wasiende kulala nayo.

Binti wa Langoni (Lamu)

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekusoma, na nimemsomea mama kwa sauti, akasema "Mwambie ndiyo hivyo hivyo," kisha akanitajia jina la mmoja wa wacheza chakacha ambaye binti yake anauza maandazi njia tunayopita kila siku. Mkanda unashuka kiwandani. Hata hivyo vugo nitalitoa nilicheze darini, sauti tu, maana zile nyimbo za kuwasema wanaume ni haki yao kuzisikia tena.

Mpango basi. Abuu anaanza, watoto wakiwa bado macho, na goma kwa mwendo wake kamili, wakichoka wachoke. Halafu Kadzo. Kadzo, naomba usimame uyaseme hayo ya msiba kabla ya kuwasha, si baada, na ukiweza njoo na hando lenyewe watu walishike. Watoto wakishalala, Msafiri. Baada yake hatuzungumzi kwa lazima, kahawa inapita, anayetaka kusema aseme. Kisha Riyadha ya Bi Mkubwa. Hapo ndipo pa nai, naona mimi. Vugo lifuate, watu wachangamke. Bhalo juu ya Mhindi, wacheke.

Zein wa mwisho. La shuka nimelipatia dawa: nazima projekta, tunaigeuza mikeka watu watazamane. Anayetaka kutunza atunze, kikapu kitakuwepo, pesa ni ya mwenye projekta.

Msafiri, umeme ukikatika katikati ya filamu, unaweza kuisimulia iliyobaki?

Msafiri wa Mokowe

Siwezi. Nitakuja na jenereta ya dukani, nyinyi tafuteni petroli.

Dereva wa Maweni (Malindi)

Kipande cha filamu nishakipata, kina mvua na sari nyekundu. Tunakuja wawili, mimi na yule rafiki yangu wa Wahindi walioiba. Ameandaa hotuba. Tafadhali mtu asimpe maikrofoni.