Naomba ushauri: Kiebrania kwenye tisheti kinageuka
Wakuu habari za jioni, nimerudi Kigoma mjini toka likizo Kasulu mwili mzito balaa na nikakuta oda inanisubiri, washkaji ninaopiga nao tizi wanataka tisheti za Krav Maga (mapigano ya kujihami ya Israeli) jina liandikwe Kiebrania, sasa Kiebrania kinasomwa kulia kwenda kushoto ila nikipesti kwenye programu yangu ya dizaini (ya kizamani kidogo) herufi zinajipanga kinyume, kuzigeuza moja moja naogopa maana resh na dalet zinafanana kinoma, tofauti ni kakona tu pale juu. Kuna setingi au fonti inayotibu hii? Na kabla sijaprinti, mchungaji aliyesoma Kiebrania chuoni anaweza kunihakikia au nitafute mtu mwingine?