Kuifufua feni ya marehemu baba: nianzie wapi, na nikomee wapi?

Mwana wa Chumbageni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Baba yetu alifariki dunia kaskazi ilipokuwa ikimalizika. Khitma ya arobaini tumekwisha kuisoma, na mama bado yumo ndani ya eda. Miongoni mwa vitu alivyoviacha marehemu ipo feni moja ya mezani, kazi ya kampuni ya GEC ya Uingereza, yenye kitako cha chuma kizito, mapanga manne ya shaba ya manjano na kizimba cha waya kilichoanza kushikwa na kutu. Alikuwa karani katika shamba la mkonge, na mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 vyombo vya ofisi vilibadilishwa, naye akauziwa feni hiyo. Sisi watoto wote tumekulia kwenye upepo wake.

Kwenye kitako, karibu na swichi, pana mahali ambapo rangi nyeusi imekwisha kabisa na chuma kimelainika, kwa sababu kila usiku aliishika hapo alipoielekeza kitandani. Sasa nikiiunganisha na umeme inavuma lakini haizunguki, na waya wake uliofunikwa kwa kitambaa unapukutika kila ninapoukunja. Kibati chake kimeandikwa volti 200/220, mzunguko 50.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, nianzie wapi bila kuiharibu wala kujidhuru? Kaka yangu anapendekeza tuitoe mota ya zamani na kutia ya feni mpya ya plastiki, kisha tuipake rangi upya yote. Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, baadhi ya jamaa wanaona si adabu mtu aliyefiwa kushinda barazani na bisibisi na kitambaa wakati wageni wa kuhani wangali wakija. Mimi ninaposafisha kizimba kile saa za alasiri, saa ambazo nilizoea kumpelekea baba kahawa, ndipo pekee ninapoweza kumkumbuka bila kifua kunibana. Sitaki kuwavunjia heshima wazee, na sitaki kuiacha kazi hii.

Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira. Kazi ya kusuka mota nimeifanya hapa Ngamiani, Tanga, tangu ujana wangu, na feni za aina hiyo zilinipitia nyingi mikononi, kwa kuwa umeme wa maporomoko ya Pangani uliufikia mji huu na mashamba ya mkonge tangu miaka ya 1930, na ofisi nyingi zilikuwa nazo.

Jambo la kwanza ni kutoiunganisha tena na umeme hata kidogo. Mota inayovuma bila kuzunguka inapokea umeme mwingi kuliko kawaida na kuugeuza wote kuwa joto, na dakika chache za namna hiyo zinatosha kuichoma koili, yaani waya uliosukwa ndani ya mota, ambayo imedumu kwa zaidi ya nusu karne. Feni ikiwa imechomolewa, zungusha mapanga kwa mkono. Yakisimama mara moja, basi oili ya zamani imeganda ndani ya bushi, ile pete inayoishikilia ekseli ikizunguka, na kuwa kama gundi, jambo la kawaida sana kwetu pwani kwa sababu ya unyevu na chumvi. Yakizunguka kwa ulaini na kwa muda mrefu, basi bushi ni nzima na ugonjwa umo kwenye koili ya kuanzishia au kwenye kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza, kama feni yako inayo.

Mimi ninashuku bushi. Ondoa kizimba na mapanga, ukitia alama ya kila panga na mahali pake, na usiyakunje hata kidogo, kwani panga moja likipinda feni nzima itatikisika. Dondoshea mafuta ya taa kidogo penye ekseli, acha yaingie, zungusha kwa mkono, rudia mpaka ilegee. Asikushauri mtu kuipiga ekseli kwa nyundo. Mafuta ya taa yasifike kwenye koili. Huko tumia brashi laini na kavu tu, maana vanishi ya zamani hulainika upesi. Bushi ikishakuwa safi, utaona ndani yake kipande cha sufi kinachohifadhi oili na kuilisha ekseli polepole. Kama kimekauka, kiloweshe kwa oili nyepesi ya mashine, na oili ya cherehani itafaa. Mafuta ya kupikia ndiyo yanayoua feni nyingi za majumbani, kwa sababu hukauka na kunata. Kwenye gia ndogo inayogeuza shingo, futa grisi ngumu yote, kisha utie mpya.

Kuhusu waya huo unaopukutika, uukate leo ili mtoto asije akauchomeka. Mpira uliomo ndani ya kitambaa cha waya za zamani hukauka ukavunjika, na mwili wa feni ni chuma kitupu. Nunua waya wenye nyuzi tatu, ule wa kijani na njano, yaani wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, uufunge kwa skrubu kwenye chuma cha kitako, na plagi uitie fyuzi ya ampea 3, si ya 13 inayouzwa nayo. Feni nyingi za enzi hizo hazikuwa na waya wa ethi, na hilo ni badiliko ambalo sikubali mtu aliache kwa kisingizio cha kuhifadhi asili.

Kabla ya kuiwasha, mpelekee fundi mwenye kipimo cha uvujaji wa umeme, kile tunachokiita mega, apime kati ya koili na mwili kwa volti 500. Uzuiaji wa umeme ukisoma chini ya megaomu 1 usiiwashe. Iache ikauke karibu na balbu yenye joto, kisha ipimwe tena. Mita ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Mara ya kwanza ya kuiwasha, iunganishe kwa mfululizo na balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 100, yaani umeme upitie kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye feni. Balbu ya LED haitakupa jibu. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, zima, kuna shoti.

Mota msiibadilishe. Mota hiyo kwa kawaida haina kaboni za kulika wala kitu kingi cha kuchakaa. Hata ikitokea koili imeungua, inasukwa upya, ili mradi fundi ahesabu mizunguko na kupima unene wa waya kabla hajaitupa ya zamani. Halafu kumbuka kwamba umeme wetu ni wa volti 230, juu kidogo ya kibati chako, kwa hiyo iendeshe kwa mwendo wa kati, na usiiache ikizunguka usiku kucha peke yake.

Bint Makorora

Kaka yangu, pole sana. Nami nilimpoteza mama, na katika miezi ya mwanzo nilikuwa nikiitengeneza cherehani yake ya kukanyaga, kwa hiyo naongea na wewe kama mtu aliyekaa mahali unapokaa sasa.

Mahali pale palipolika kwa mkono wa baba yako pasipakwe rangi. Rangi ikishapita hapo hakuna fundi atakayeweza kukurudishia, ilhali kutu ya kizimba unaweza kuiondoa hata mwakani. Pasafishe kwa kitambaa kikavu, kisha pake nta ya nyuki nyembamba ili chumvi ya hewa isipashike. Shaba ya mapanga nayo inang'arishwa kwa ndimu na chumvi, ikisuuzwa vizuri na kukaushwa papo hapo, lakini binafsi ningeiacha na weusi wake kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo nyumba yenu ilivyoijua. Ukilazimika kukwangua rangi ya zamani mahali pengine, tumia msasa wa maji na ufanye hivyo mbali na watoto na jiko, maana rangi nyingi za miaka hiyo zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kuhusu wageni, mimi niliiweka kazi yangu baada ya sala ya alasiri tu, na aliyenikuta nayo nilimkaribisha akae. Shangazi yangu, ambaye mwanzoni alinung'unika, aliishia kushika sindano na kunieleza namna mama alivyojifunza kushona akiwa msichana, habari ambazo sikuwa nimezisikia maishani mwangu. Watu wengi wanaokuja kuhani hawajui waseme nini. Kitu cha marehemu kikiwa mbele yao wanapata pa kuanzia.

Mzee wa Raskazone

Mwanangu, maneno ya fundi na ya bint yetu ni mazuri, ila kuna hatua iliyorukwa. Umesema feni ni ya marehemu na una kaka, na mama yako yu hai. Maadamu mirathi haijagawanywa, chombo hicho ni cha warithi wote kwa pamoja, hata kama thamani yake sokoni ni ndogo, na madeni na wasia hutangulia mgawo. Kikao cha familia kitakapompendekeza msimamizi wa kwenda kuthibitishwa Mahakama ya Mwanzo, itajeni feni kwa jina kama mnavyoitaja nyumba, na uombe ridhaa ya kila mmoja kabla ya kubadilisha chochote juu yake. Nimeona ndugu wakinuniana miaka mingi kwa sababu ya saa ya ukutani. Kuisafisha na kuukata waya wa hatari hakuhitaji kikao, lakini mota na rangi vinakihitaji.

Mwana wa Chumbageni

Shikamoo, mzee wangu, nawe fundi shikamoo. Dada, ahsante sana. Waya nimekwisha kuukata. Nimezungusha mapanga kama nilivyoelekezwa, nayo yanasimama papo hapo, basi nadhani ni bushi kama fundi alivyoshuku. Nilizungumza na ndugu zangu wote mbele ya mama, na kaka ameridhia mota ibaki na rangi isiguswe, kwa sharti kwamba feni ikae chumbani kwa mama mpaka mgawo utakapofanyika. Mama mwenyewe ndiye aliyetueleza kwamba baba alikuwa akiifungua kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza na kuitia oili, na kwamba chupa yake ya oili bado imo kabatini.

Nina swali moja lililobaki: je, oili hiyo ya chupani inafaa bado?

Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili

Marahaba, mwanangu. Mimina kidogo kwenye kioo na uiache juani siku nzima. Ikibaki nyepesi na haina harufu ya kuchacha, itumie bila wasiwasi. Ikinata kidoleni, iweke chupa kabatini ilipokuwa na ununue nyingine. Jambo la mwisho ni kizimba: nafasi kati ya waya zake ni pana kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto, kwa hiyo chumbani kwa mama iwekeni juu ya kabati au meza ndefu, mbali na ukingo. Siku ya kupima, nileteeni hapa dukani asubuhi. Mega ninayo, na kwa kazi hiyo sitahitaji malipo.