Unamwita kiziwi awe jaji, kifaa cha kusomea hakifanyi kazi. Huu ni usanii gani?

Wakuu, leo mtanivumilia.

Juzi niliweka humu habari za Marlee Matlin, mwigizaji kiziwi wa Marekani, jamaa mmoja akanijibu: "Kuigiza ni kuigiza, hata anayesikia anaweza." Nimelala na hilo jibu siku mbili.

Huyu mama alibeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987 akiwa na miaka 21, na hadi leo hakuna aliyeibeba akiwa mdogo kuliko yeye. Kiziwi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Troy Kotsur, tumemsubiri hadi 2022. Miaka 35! Mtoto aliyezaliwa usiku ule kashaoa, ana watoto. Na Kotsur mwenyewe kapenya kwa ugomvi: wenye pesa za CODA, filamu iliyompa hiyo Oscar, walitaka nafasi ya baba kiziwi apewe staa anayesikia, Matlin akawaambia mkifanya hivyo mimi simo. Sasa wewe wa "kuigiza ni kuigiza", kiziwi anapewa lini nafasi ya mtu anayesikia? Zao mnazichukua, zenu hamgawi.

Kinachonichoma kabisa ni cha Januari 2023, Sundance, tamasha la filamu la Marekani, lilelile lililoijaza CODA tuzo mwaka 2021. Wakamwita Matlin awe jaji wa filamu. JAJI! Filamu inaonyeshwa, kile kifaa anachosomea mazungumzo hakifanyi kazi. Akatoka, na majaji wenzake wawili wakanyanyuka wakatoka naye. Watu walishaombwa mapema waweke maandishi ya mazungumzo kwenye skrini yenyewe, kila mtu ukumbini asome, baadhi ya wenye filamu wakagoma. Mara gharama, mara muda. Unamwalika mtu shughulini halafu sahani yake unaipandisha juu ya kabati?

Na si mgeni wa hayo maandishi, huyu! Ni miongoni mwa waliopigania sheria ya Marekani ya 1990, iliyolazimisha kila televisheni mpya ya inchi 13 kwenda juu iweze kuyaonyesha. Yaani sebuleni kwa watu yapo tangu 1993, kwenye tamasha kubwa la filamu miaka 30 baadaye hayapo. Waandaaji walijieleza, sawa. Wale waliogoma je?

Halafu wewe unayetaka kushuka hapo chini uandike "bubu", futa kabla sijakuona.