Filamu ya kwanza ya mapigano kwa milioni 3: wengi huangukia wapi?

Kijana wa Tandika
Wakuu salaam. Naandaa filamu ya mapigano ya dakika 70: kamera moja, waigizaji 9, siku 14 za kupiga. Jeraha la risasi nilitengenezeje bila baruti? Na nifanye nini sasa ili filamu hii izae ya pili?

Fundi Damu
Chemsha sukari vikombe 2 na maji kikombe 1 mpaka yashike kijiko. Yakipoa, tia vijiko 2 vya chai vya rangi nyekundu ya chakula na kimoja cha kakao. Bila kakao utapata juisi ya rosela, si damu. Damu ya mnyama usiiguse: Wakaliwood, studio ya filamu za mapigano kule Kampala, walianza na ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakahamia rangi ya chakula.

Risasi: jaza damu kwenye kondomu isiyo na mafuta, uifunge ikiwa imekaza kabisa. Ikilegea haipasuki, inanyooka tu, na hapo ndipo wengi hukwama. Ibandike kifuani kwa plasta juu ya kipande cha plastiki kigumu. Kwaruza shati kwa ndani kwa msasa mpaka kitambaa kichoke, kisha funga kwenye kondomu mshipi wa kuvulia ambao msaidizi atauvuta akiwa nje ya picha. Nunua mashati 3 yanayofanana, kila jaribio linakula moja. Na piga kwanza sehemu zote ambazo shati ni safi.

mhariri25
Usisahau sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, mazungumzo yasiyosikika hasamehe. Kila eneo rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, utazihitaji kuziba mapengo. Ukikosa maiki nzuri, fanya kama mwongozaji Robert Rodriguez kwenye filamu yake El Mariachi (1992, dola 7,000 hivi): kamera yake ilikuwa na kelele, basi baada ya kila shoti waigizaji walirudia maneno kando ya kinasa sauti. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, taa zisipepese.

Mzee wa Klapa
Swali lako la pili ndilo zito. Filamu ya pili inalishwa na ya kwanza, mradi ya kwanza ni mali yako. Night of the Living Dead ya George Romero (1968) ilipobadilishwa jina na msambazaji, ilani ya hakimiliki iliyokuwa kwenye jina la zamani ikatoka nayo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa ya kila mtu, na wengine wakaiuza miaka na miaka bila kuwalipa walioitengeneza. Inauma.

Kwa hiyo kila mwigizaji na mtunzi wa muziki asaini mkataba kabla ya siku ya kwanza. Akishajiona kwenye trela, bei inapanda. Usiuze haki zote kwa mkupuo: taja nchi, njia ya usambazaji na miaka.

Tena nunua diski 2 za kuhifadhi nakala, moja ikae nyumba nyingine. Nakala safi ya Who Killed Captain Alex? ya Nabwana, mwongozaji wa Wakaliwood (2010), ilipotea kwa sababu kompyuta ilihitaji nafasi ya kazi iliyofuata.

Kijana wa Tandika
Asante sana wakuu. Na kibali?

Mzee wa Klapa
Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976, kabla ya kupiga. Peleka muswada mzima. Kama kuna bunduki za bandia au sare za polisi, toa taarifa kituoni kwa maandishi na utembee na nakala yenye muhuri. Ikikamilika, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumwonyesha msambazaji yeyote.