Naomba ushauri: kibati cha askari wa Kijapani pangoni Peleliu

Habari zenu wakuu. Nipo Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, kikazi, na wiki iliyopita mwenyeji wetu alitupeleka kwenye mapango ya kisiwa cha Peleliu, walikojichimbia Wajapani mwaka 1944 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pembeni ya chupa za bia na kikombe kilichopondeka nikaona kibati cha shaba cha utambulisho wa askari, chenye umbo la yai, tundu kila ncha, kimeota kutu ya kijani. Kina herufi za Kijapani zilizogongwa kutoka juu kwenda chini. Sikukigusa, sheria ya hapa hairuhusu kuchukua, na jirani yake palikuwa na kitu kama bomu la mkono.

Nilipiga picha nikimulika tochi kwa ubavu. Programu ya tafsiri imesoma tarakimu ya 2 tu, hapo juu. Najua Rejimenti ya 2 ya Kijapani, chini ya Kanali Nakagawa, ilipigana hapa, lakini sitaki kukisia. Babu yangu alipigana Burma akiwa na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), kwa hiyo jambo hili limenikaa moyoni.

Naomba kujua: tarakimu ya juu ndiyo rejimenti, au kombania? Na bila jina, familia ya askari huyo yaweza kupatikana kweli?